Kwa Nini Tiba ya Presha Hupitia kwa Nguruwe na Kondoo

Ukinunua figo ya mbuzi na figo ya nguruwe buchani, ukazipasua kwa urefu juu ya ubao wa jikoni, utaona tofauti ambayo kwa nje haionekani. Ya mbuzi ndani ina ukingo mmoja, na mkojo wote hudondoka kutoka hapo kuingia kwenye mfuko mmoja. Ya nguruwe ina vilele kadhaa vidogo, kila kimoja kimekaa ndani ya kikombe chake. Figo ya binadamu imejengwa kama hiyo ya pili. Mbuzi, kondoo, mbwa na panya wako upande wa kwanza.

Nilizipasua Jumapili moja, mama amekaa mlangoni na mfuko wake wa vidonge vya presha. Akaniuliza natafuta nini mle ndani. Nikamwambia natafuta vidonge vyake vilikotoka. "Si vimetoka kliniki?" akasema. Ni kweli, vimetoka kliniki. Lakini safari yao ilianza mbali: kwa mbwa wa Cleveland na kwa nyoka wa Brazil. Na tiba mpya zinazokuja baada ya vidonge hivyo zinapitia kwa nguruwe na kondoo. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayekutana na habari kwamba "tiba mpya ya presha imefaulu kwa nguruwe" na hajui aifurahie kiasi gani.

Kisahani cha maabara hakina presha

Unaweza kuotesha seli za mshipa kwenye kisahani, ukazimwagia dawa, zikalegea au zikakaza. Lakini kisahani hakina presha. Presha huzaliwa pale moyo unaposukuma, mishipa inapobana, figo zinapoamua chumvi na maji vibaki kiasi gani, na ubongo unapotuma amri kupitia neva. Ukishusha upande mmoja, pande nyingine hujitahidi kuirudisha. Dawa inayolegeza mishipa inaweza kuufanya moyo uende mbio na figo zishike maji zaidi, na baada ya siku chache namba zikarudi karibu na pale zilipokuwa. Kuvutana huko hakuonekani mpaka uwe na mwili mzima ulio hai. Na Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu wazima bilioni 1.2 wenye tatizo hili, wengi wao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo kukosea dawa hapa ni kukosea kwa watu wengi mno.

Panya ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1963 Watafiti wa Kijapani Okamoto na Aoki, wakiwa Kyoto, walitangaza ukoo wa panya wanaopandwa na presha wenyewe wanapokua, bila kupewa chochote. Ukoo huo unatumika hadi leo duniani kote. Lakini moyo wa panya hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika, maisha yake ni miaka miwili au mitatu, na ateri inayoingia kwenye figo yake haifiki hata milimita moja. Ukitaka kujaribu kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa, panya hana pa kukipitisha. Ateri ya figo ya nguruwe ina upana wa milimita 5 au 6 hivi, kama ya mtu. Katheta ileile (neli nyembamba inayopitishwa ndani ya mshipa), mashine ileile ya eksirei, mikono ileile ya daktari.

Ukubwa wenyewe si kila kitu, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Dawa inayoitwa aliskiren iliundwa kuziba renini, kimeng'enya cha figo kinachoanzisha mnyororo wa kupandisha presha. Renini ya panya ina umbo tofauti na yetu, hivyo dawa iliyochongwa kwa renini ya binadamu humfanyia panya kazi hafifu. Watafiti walilazimika kuipima kwa marmoseti, kima wadogo wa Amerika ya Kusini wanaokaa kwenye kiganja. Wana uzito wa gramu mia chache tu, lakini kwa dawa ile walikuwa na maana kuliko nguruwe wa kilo 80. Mnyama huchaguliwa kulingana na swali.

Kutoka kwa farasi hadi kwa mbwa

Kipimo cha kwanza cha presha kuwahi kuandikwa kilichukuliwa kwa mnyama mkubwa. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, alimlaza chali farasi jike asiyefaa tena kwa kazi, akamfunga, akampasua mshipa wa paja na kuingiza bomba la shaba lililounganishwa na neli ndefu ya kioo. Damu ikapanda ndani ya kioo hadi futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo, karibu mita mbili na nusu, na kila pigo la moyo likawa linaipandisha na kuishusha. Alichapisha matokeo mwaka 1733. Hakukuwa na nusu kaputi enzi hizo. Sioni sababu ya kulificha hilo. Mashine inayoukaza mkono wa mama yangu kila mwezi inafanya kwa upole kazi iliyoanza kwa ukatili.

Harry Goldblatt alikuja karne mbili baadaye. Alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti huko Cleveland, Marekani, na alikuwa amezoea kukuta mishipa ya figo iliyosinyaa kwa watu waliokuwa na presha kubwa. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba presha hupanda kwanza, kisha huharibu figo. Goldblatt akajiuliza kama mambo huenda yalikuwa kinyume. Akatengeneza kibanio kidogo chenye skrubu, akakifunga kwenye ateri za figo za mbwa waliolazwa kwa nusu kaputi, akazibana bila kuziba kabisa. Mbwa wakaamka, wakala, wakaendelea na maisha. Presha yao ikapanda na kubaki juu. Ripoti yake ilitoka mwaka 1934.

Kazi hiyo ilifufua jambo lililokuwa limesahauliwa. Tangu 1898 huko Sweden, Tigerstedt na Bergman walikuwa wameonyesha kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka figo ya sungura yana kitu kinachopandisha presha, wakakiita renini. Sasa ikaeleweka: figo inayokosa damu ya kutosha humwaga renini, renini huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, na anjiotensini hubana mishipa mwili mzima na kuamrisha chumvi ishikwe. Halafu sumu ya nyoka wa Brazil anayeitwa jararaka ikaonyesha namna ya kuukata mnyororo huo katikati. Kaptopril, dawa iliyotokana na somo hilo la sumu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1981. Enalapril ni ndugu yake. Losartan huukata mnyororo uleule hatua moja mbele. Mbili kati ya hizo tatu zipo kwenye mfuko wa mama.

Mnyama mzima na mnyama mgonjwa

Nadhani fundo kuu liko hapa. Tunaposikia "imejaribiwa kwa wanyama" tunadhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili.

Kuna mnyama mzima wa afya, anayetumika kujua kama kifaa kinafika kinapotakiwa kufika, kama kinachoma au kukata kinachotakiwa, na kama kinaacha mshipa salama. Na kuna mnyama aliyefanywa mgonjwa, anayetumika kujua kama presha inashuka na kama moyo na figo vinapona. Nguruwe akipewa homoni ya kushikilia chumvi pamoja na chakula chenye chumvi nyingi, presha hupanda na moyo wake hunenepa baada ya wiki kadhaa. Mbwa akiondolewa sehemu kubwa ya figo na kunyweshwa maji ya chumvi, presha hupanda pia. Kwa njia hiyo timu ya Arthur Guyton huko Jackson, Mississippi, ilionyesha jinsi figo inavyoshika usukani wa presha ya muda mrefu. Lakini nguruwe huyu na mbwa huyu wameugua kwa wiki au miezi, kwa sababu moja inayojulikana. Mtu wa miaka 60 ameugua kwa miaka 20 kwa sababu nyingi zilizofungamana: urithi, uzito, chumvi, msongo, umri wenyewe. Hakuna mnyama anayeyabeba yote hayo kwa pamoja.

Kipimo nacho kina mitego. Dawa nyingi za nusu kaputi zenyewe hushusha presha, na mnyama aliye macho akishikwa na mtu asiyemjua presha yake hupanda, kama vile wengi wetu tunavyopanda tukiingia chumba cha daktari. Ndiyo maana maabara nzuri huweka kipimo kidogo ndani ya mshipa kinachorusha namba kwa redio, mchana na usiku, mnyama akiwa zizini kwake amelala au anakula. Nguruwe wa kawaida ana tatizo lake pia: hukua haraka mno, na aliyeanza jaribio akiwa na kilo 40 atamaliza akiwa mnyama mwingine kabisa. Wajerumani wa Göttingen walilitatua hilo miaka ya 1960 kwa kuzalisha nguruwe wadogo wasionenepa sana.

Twiga anastahili kutajwa hapa, ingawa hafugwi maabara. Presha ya damu inayotoka moyoni mwake ni kama mara mbili ya yetu, kwa sababu ubongo uko mbali juu, na bado figo na mishipa yake havionyeshi uharibifu ambao sisi tungeupata. Mwaka 1966 zilichapishwa namba zilizopimwa Kenya kwa twiga wa porini waliowekewa kipimo kwenye ateri ya shingo na kuachiwa watembee, redio ikipokea. Mwaka 2021 watafiti waliwapa panya jeni moja ya twiga, iitwayo FGFRL1, na panya hao walipochomwa anjiotensini presha haikupanda kama kwa wenzao.

Kuchoma neva za figo

Sasa nije kwenye kisa kinachoonyesha nguvu na udhaifu wa haya yote.

Neva zinazokwenda kwenye figo zimeizunguka ateri ya figo kama mizizi ya mti inavyozunguka bomba la maji. Zikisisimka, figo humwaga renini na kushika chumvi. Kuanzia miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji walizikata neva za namna hii pamoja na nyingine nyingi, presha ikashuka, lakini wagonjwa wakawa wanaanguka kila wakisimama. Dawa zilipopatikana upasuaji huo ukaachwa. Kisha likaja wazo jipya: kupitisha katheta kutoka kwenye paja hadi ndani ya ateri ya figo, na kuzichoma neva kwa joto la mawimbi ya redio, kutokea ndani, bila kumpasua mtu.

Nguruwe wa afya ndio waliotumika kuanzia. Walijibu vizuri: neva ziliungua, na ateri zikapona bila kuziba. Binadamu wakafuata. Katika jaribio la mwaka 2010 lenye wagonjwa 106, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 32 kwa waliochomwa, na haikubadilika kwa wasiochomwa. Watu walishangilia, na kliniki za Ulaya zikaanza kutoa tiba hiyo.

Mwaka 2014 yakaja matokeo ya Marekani. Wagonjwa 535, na safari hii kundi la kulinganisha nalo lililazwa, likapitishwa katheta, likapigwa picha ya mishipa ya figo, kisha likatolewa bila kuchomwa chochote na bila kuambiwa. Baada ya miezi sita waliochomwa walikuwa wameshuka 14.13, na wasiochomwa 11.74. Tofauti ndogo kiasi kwamba haikuhesabika. Sehemu kubwa ya ule mshuko wa awali ilikuwa matumaini, uangalizi wa karibu, na watu kumeza dawa zao kwa bidii kwa kuwa wanafuatiliwa.

Je, nguruwe walidanganya? Hapana. Waliulizwa kama joto linaua neva na kama mshipa unabaki salama, wakajibu sawasawa. Hawakuulizwa ni sehemu ipi ya ateri ichomwe, wala mara ngapi. Na katika jaribio la Marekani madaktari wengi walikuwa wamefanya kazi hiyo mara chache tu. Wagonjwa waliochomwa kuuzunguka mshipa mzima pande zote mbili walikuwa wachache sana.

Watafiti wakarudi mezani. Kwanza kwa maiti: mwaka 2014 walihesabu neva zaidi ya 10,000 kwenye ateri za figo za watu 20, wakagundua kwamba karibu na mshipa mkuu wa mwili neva zimekaa mbali na ukuta wa ndani, na kadiri ateri inavyoikaribia figo zinasogea karibu. Kumbe wengi walikuwa wanachoma mahali ambapo joto haliwafikii walengwa. Kisha kwa nguruwe. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Felix Mahfoud wa Ujerumani iligawanya nguruwe: wengine wakachomwa kwenye shina la ateri, wengine kwenye matawi yanayoingia figo, wengine kote kuwili. Waliochomwa kote kuwili ndio waliopungukiwa zaidi na noradrenalini, ile kemikali ya neva, ndani ya figo. Na muhimu zaidi, matokeo yao yalifanana kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Utafiti mwingine wa nguruwe ulionyesha kwa nini mahali pawili panapochomwa kwa joto moja huungua tofauti: tezi ya limfu au mshipa mwingine ukiwa jirani, hubadili njia ya joto na kuacha neva zikiwa hai.

Haya hungeweza kuyajua kwa mgonjwa. Kujua kama neva zimeungua ni lazima uikate figo na ateri, uzipake rangi, uzihesabu chini ya darubini. Hadi sasa chumba cha katheta hakina kipimo kilichozoeleka cha kumwambia daktari, mgonjwa angali mezani, kwamba kazi imekamilika.

Katheta mpya ikatengenezwa, yenye ncha nne zilizojizungusha kama skrubu, na maelekezo ya kuchoma hadi kwenye matawi. Jaribio la mwaka 2020, nalo likiwa na kundi la kuigiziwa, lilionyesha tofauti ya karibu alama 4 katika kipimo cha saa 24 kwa watu wasiotumia dawa. Si alama 32. Lakini ni halisi, na Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu vifaa viwili vya kuchoma neva za figo. Binafsi naona alama 4 ni kitu cha thamani kwa mtu ambaye vidonge vimemshinda. Ninachokataa ni kumwambia kwamba atatupa vidonge.

Kondoo ndio waliobakiza swali. Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne, Australia, walichoma neva za figo za kondoo, wakawapima tena baada ya miezi 5 na nusu, kisha miezi 11. Ilipofika miezi 11 neva zilikuwa zimeota upya na zinafanya kazi kama zamani. Kwa watu waliofuatiliwa miaka mitatu, presha imeendelea kuwa chini. Yawezekana neva za kondoo huota haraka kuliko za mtu mzima mwenye presha. Yawezekana neva za mtu nazo huota lakini mwili umeshapangika upya. Wanaosema mojawapo kwa uhakika wamekimbilia jibu.

Wale walio karibu nasi sana

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Gabon kwa sokwe wanaoishi kwa matunda na mboga, karibu bila chumvi. Nusu yao waliongezewa chumvi kidogo kidogo hadi gramu 15 kwa siku. Namba ya juu ya presha ikapanda kwa wastani wa 33. Chumvi ilipoondolewa, ndani ya wiki 20 presha ikarudi ilipokuwa. Hakuna jaribio la binadamu lingeweza kudhibiti chakula hivyo kwa muda wote huo. Nalo lisingefanywa leo: mwaka 2015 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikoma kugharamia utafiti wa kuingilia miili ya sokwe. Tangu 1959 Waingereza Russell na Burch walishaweka maswali matatu ambayo kamati za maadili bado huyauliza: je, unaweza kufanya bila mnyama, unaweza kutumia wachache zaidi, unaweza kupunguza maumivu yake? Mnyama mmoja mwenye kipimo cha redio ndani yake hutoa namba za miezi. Zamani wangehitajika wengi.

Lakini kuna mahali ambapo sioni njia ya kumkwepa mnyama, napo ni kwenye kifafa cha mimba. Presha ya mama hupanda, protini hutoka kwenye mkojo, na tiba pekee inayomaliza ugonjwa ni mtoto kutoka, hata kama muda wake haujafika. Hakuna atakayeanza kujaribu dawa mpya kabisa kwa mwanamke mwenye mimba. Nyani hubeba mtoto mmoja kwa takriban miezi 6, na kondo lake la nyuma limejengwa karibu na la mwanamke. Huko Sydney watafiti walifunga moja ya ateri za mfuko wa uzazi wa nyani wenye mimba, nao wakapata presha na protini kwenye mkojo, huku ile protini iitwayo sFlt-1, inayomwagwa na kondo lililokosa damu, ikipanda kama inavyopanda kwa wanawake. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba sindano moja ya dawa inayozima utengenezaji wa protini hiyo kwenye kondo ilishusha presha ya nyani wa namna hiyo.

Dawa ya aina hii ikishachomwa haiwezi kuondolewa mwilini. Huendelea kufanya kazi kwa wiki nyingi. Kwa mama anayekaa mbali na hospitali hiyo ingekuwa faida kubwa, kwa sababu kila wiki mtoto anayoongezewa tumboni inabadilisha uwezekano wake wa kuishi. Kwa mtoto mwenyewe, anayelishwa na kondo lilelile lililozimwa sehemu ya kazi yake, nyani wachache waliotumika hawatoshi kusema kama ni salama.